Dubu Waliokuwa Wakikua

Simu ilikuwa juu ya meza, imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, na Leocadia Ticona alikuwa amekaa mbele yake tangu giza lilipoingia. Alikuwa na shali mbili mabegani na soksi za sufu za marehemu mumewe miguuni. Nje, upepo wa Agosti uligongagonga mabati ya El Alto kama mtu aliyesahau ufunguo wake. Simu haikulia.

Binti yake Nieves alikuwa hospitali kule bondeni, La Paz. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka alasiri, na mimba ilikuwa bado miezi mitatu kutimia. Leocadia alikwisha kuvaa kofia yake, akafunga nguo za mtoto kwenye mbeleko, akatia mguu mmoja ndani ya teksi. Nieves akamtazama, jasho linamtiririka, meno yameumana.

"Wewe baki, mama. Uliyoyafanya yanatosha."

Mumewe Nieves, Rómulo, kijana mpole asiyejua kusema mbele ya wanawake wawili, akauvuta mlango wa teksi polepole kama anayeomba radhi.

Leocadia hakuuliza amefanya nini. Alijua. Alikuwa amefuma dubu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu ujana. Shule aliiacha darasa la tatu, kondoo wa baba yake walipokosa mchungaji, na huko malishoni shangazi yake akamfundisha kufuma kwa kulabu ili mikono isigande kwa baridi. Alipoolewa na kuhamia El Alto, akagundua kwamba kila Januari mji mzima huteremka kwenye sikukuu ya vitu vidogo. Anayetaka nyumba hununua nyumba ya kukaa kiganjani, anayetaka lori hununua lori la kidole, na saa sita kamili mchana kila mtu hukimbilia ubani na maji ya baraka, ili kidogo kile kiende kikamwite mkubwa wake. Wengine walifuma visweta na vikofia. Leocadia alifuma dubu, wale weusi wa misitu ya mteremkoni, wenye duara jeupe kuzunguka macho. Dubu ni mzazi mkali. Wanawake waliotaka watoto walikuja kwake wakitaka dubu aliyebeba mwanawe mgongoni.

Na katika kazi ile, mdogo ndiye mkubwa. Wauzaji wote walishindana nani atafuma kidogo zaidi. Leocadia alikuwa na kulabu zake katika mfuko wa kitambaa, zimepangwa kwa unene, namba zimefutika kwa jasho la vidole, naye hakuhitaji kuzisoma. Kulabu nene zilikuwa za sufu ya alpaka, zile za kati za pamba, na ya mwisho kabisa, nyembamba kama sindano, aliiita Mbu, kwa sababu ikikuchoma huioni, unasikia tu. Mbu haikukubali uzi mwingine ila uzi wa cherehani. Na ilitaka macho. Ukiwa na uzi mweusi taa ya usiku haisaidii, ni lazima ukae mlangoni jua likiwaka, na hata hapo uhesabu vitanzi kwa ncha ya kidole pale jicho linaposhindwa.

Nieves alikuwa amepoteza mimba mbili. Januari ile alikuja, akakaa juu ya gunia la viazi, akasema huku anatazama pembeni, "Nifumie dubu na mtoto wake, mama. Na usinifumie kama wateja. Nifumie vizuri."

Vizuri, kwa Leocadia, maana yake ilikuwa Mbu.

Alifuma dubu mdogo kuliko harage, na mgongoni mwake, ndani ya mbeleko ya nyuzi tatu za rangi, mtoto kama punje ya kinoa. Alitumia wiki nzima. Alipomtia Nieves kiganjani, binti alicheka. "Mama! Huyu nikipiga chafya nimempoteza!"

Siku ya sikukuu wauzaji wa vibanda vya jirani walikuja kumwona. Na Doña Gumercinda, mama yake Rómulo, mwanamke wa mapaja mapana na ulimi mpana vilevile, akamchungulia dubu yule, akamchungulia Leocadia.

"Haya, mzazi mwenzangu. Mwombaji wa kidogo hupewa kidogo. Usije ukasema sikukwambia."

"Una wivu tu, Doña Gume. Wewe kulabu yako utafikiri ufito wa kufukuzia mbwa."

Watu wakacheka. Saa sita ikafika, dubu akafukizwa, akanyunyiziwa maji. Leocadia angeweza kuchukua sufu ya alpaka na kulabu nene, akafuma dubu mwingine wa kujaa kiganja, kazi ya jioni mbili. Alilifikiria hilo njiani. Lakini sifa za siku ile zilikuwa bado zinamlewesha, akaacha. Kabla ya Machi kuisha, Nieves alikuwa na mimba.

Majuto, wanasema, ni mjukuu. Kwa Leocadia vyote viwili vilikuja siku moja.

Usiku ule, simu ikiwa kimya, alichukua Mbu akatoka nayo uani. Agosti ni mwezi ambao ardhi ina njaa na kinywa chake kiko wazi, unachoipa hupokea. Alitaka kuifukia. Akachimba kwa kijiko, kwa kisu, kwa kisigino cha kiatu. Baridi ilikuwa imegandisha udongo ukawa kama sakafu. Akachomeka Mbu kwenye pindo la shali, akarudi ndani.

Simu ililia alfajiri. Alikuwa Rómulo.

"Mtoto wa kike, mama. Njiti. Wamemweka kwenye mashine ya joto."

"Mkubwa kiasi gani?"

Rómulo akatafuta mfano. Kisha akasema, "Kama mkate, mama. Ule mdogo wa chai."

*

Wodi ya watoto njiti ilikuwa na mlango wa kijivu mwishoni mwa ujia, na mbele yake benchi. Kuingia ni baba na mama peke yao. Nieves alikuwa amepewa kitanda humo ndani, na hakutoka. Leocadia aliteremka mjini asubuhi ile kwa gari la waya, kile kibanda cha abiria kinachoning'inia angani, akakaa kwenye benchi, mfuko wa kulabu mapajani.

Rómulo alipotoka, Leocadia alimwambia, "Kile kidubu. Nieves anacho?"

"Kimo ndani ya sidiria yake tangu Januari."

"Kamwambie akitoe. Tafadhali, baba. Kitamfanya mtoto abaki vile vile."

Rómulo aliingia, akatoka. "Hataki. Anasema mtoto, hata mdogo, kama ni wa kwake ni wa kwake."

Basi Leocadia akatafuta njia nyingine. Kama mdogo aliita mdogo, mkubwa angeita mkubwa. Lakini huwezi kumrukisha mtoto kutoka punje hadi kiganja. Hata ngazi hupandwa kidato kwa kidato. Akafungua mfuko wake, akachukua kulabu inayofuata baada ya Mbu.

Kwanza alikosea uzi. Alichagua alpaka, ile ya shingoni mwa mnyama mchanga, laini kama pumzi, sufu bora aliyokuwa nayo, akaichambua hadi ikawa nyuzi nyembamba. Nesi Zulma, msichana mwenye macho yaliyovimba kwa kukesha, akamrudishia dubu akiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Ni mzuri sana, mama, lakini ana manyoya. Yatamwingia mtoto puani. Niletee wa pamba, anayeweza kuchemshwa. Macho usiweke shanga, yadarizi. Na ukaze vitanzi, nisione pamba ya kujazia inachungulia."

"Ukimpokea, atawekwa wapi?"

"Karibu na mkono wake. Wanapenda kushika kitu."

Leocadia akashika kazi. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita zilizoshikana. Akazigawa, akachukua mbili tu, kwa kulabu ile ya pili. Kesho yake nyuzi tatu, kulabu ya tatu. Kila siku uzi mmoja zaidi, kulabu moja nene zaidi, na kila mara kulabu ndogo kidogo kuliko uzi ulivyotaka, ili mwili wa dubu ukaze kama ngoma. Mweusi, duara jeupe machoni. Jioni humkabidhi nesi, nesi humchemsha, mlango hufungwa.

Mlinzi wa mlangoni alikuwa mzee mwenye meno ya dhahabu. "Mama wa dubu, umefika? Leo huyu mmoja bei gani?"

"Wewe humwezi. Huyu anauzwa kwa watu wanaojua kunyamaza."

"Basi mke wangu hatampata kamwe!"

Siku nyingine Doña Gumercinda alikuja, akakaa kwenye benchi, benchi ikalia. Alikuwa na chupa ya uji wa mahindi ya zambarau na mikate ndani ya leso. Walikunywa bila kutazamana.

"Yale maneno ya Januari," Gumercinda alisema mwishowe, "yalikuwa ya mdomo tu. Mimi nina mdomo, unanijua."

"Nilikuwa na masikio pia."

"Nieves ndiye alinikumbusha. Siku chupa ilipopasuka, alikuwa analia, anasema, 'Mama Gume, si ulisema?' Ningekula ulimi wangu." Akajifuta pua. "Nipe kazi, basi. Nisikae kama gunia."

Leocadia akampa uzi auzungushe kuwa donge. Gumercinda aliuzungusha ukiwa umelegea, umejaa mafundo, na Leocadia, ambaye asingevumilia hilo kwa mtu yeyote, akaufungua usiku nyumbani na kuuzungusha upya.

Kila Rómulo alipotoka, Leocadia alimuuliza mambo mawili. Kwanza, mtoto anaendeleaje.

"Ameongezeka kidogo, mama. Wanasema kidogo."

Na la pili. "Nieves amesema nini juu ya dubu?"

"Hasemi kitu. Ila anajua ni mkono wako. Amewapanga juu ya mashine, kutoka mdogo mpaka mkubwa. Hajamtoa hata mmoja."

Hilo lilimtosha kwa siku kadhaa. Alikuwa amefika kwenye pamba ya kufumia vitambaa vya meza, kisha pamba hiyo hiyo mikunjo miwili, mikunjo mitatu, dubu sasa wanajaa kiganja, masikio yao yanaonekana bila miwani. Mfuko ulibakiwa na kulabu chache nene upande wa kulia. Alianza kujiuliza zikiisha atafanya nini. Akakumbuka kuna seremala jirani. Angemchongea kulabu ya mbao, kubwa kama kijiko. Angemchongea nyingine. Angefuma dubu wa kukalia, akihitajika.

Jioni moja Rómulo alitoka, akajibu swali la kwanza akiwa anatazama sakafu. "Ana homa. Wamemwongezea dawa."

Leocadia hakuuliza la pili. Usiku ule hakulala; alichukua pamba mikunjo minne na kulabu yake nene kuliko zote, akaruka mbili zilizobaki katikati. Akapoteza hesabu ya vitanzi kichwani mwa dubu, akafumua, akaanza tena, na mpaka kunapambazuka alikuwa na dubu mkubwa kama mtoto mchanga aliyetimia, mwenye mikono ya kukumbatia. Alimfunga kwenye mbeleko, akambeba mgongoni ndani ya gari la waya, na mwanamke mmoja akamsogelea amtazame usoni mtoto yule, akarudi nyuma.

Ujiani, mlinzi alimwona akija. Hakuuliza bei. Alivua kofia yake.

Gumercinda alikuwa kwenye benchi tayari, analia bila sauti, yeye ambaye hata kupiga miayo alipigia kelele. Leocadia alisimama. Akapeleka mkono nyuma, akamshika dubu matakoni kama unavyomshika mtoto asiteleze, akabaki hivyo.

Mlango wa kijivu ukafunguka. Hakuwa Zulma. Alikuwa Nieves, amevaa gauni la hospitali, nywele hazijasukwa, uso umekuwa wa mtu mzima kuliko mama yake. Akautazama mgongo wa Leocadia, mbeleko iliyovimba, sikio jeusi lililotokeza.

"Wanatuachia tumvishe," alisema. "Sasa anaruhusiwa yeyote." Akapumua. "Kofia zote zinampwaya, mama. Hata ile ya nesi. Inamfunika mpaka mdomoni. Siwezi kumzika na kofia ya kumfunika mdomo."

"Hapana, mwanangu."

"Ile kulabu ndogo. Umeitupa?"

Leocadia alipapasa pindo la shali. Mbu ilimchoma kidoleni, kama kawaida yake, na damu ikatoka tone moja. Akaichomoa.

"Ninayo. Uzi wa cherehani mweupe ndio sina. Nina mweusi tu."

"Mimi ninao mweupe." Nieves aliingiza mkono kifuani, akatoa kidubu cha Januari na mwanawe wa punje. "Fumua macho yake, uutie ukingoni."

Alikuwa ameushikilia mlango kwa mgongo, na mlango ulikuwa mzito, unataka kujifunga. Mlinzi akaja akauegemea upande wa pili.

"Ingia, mama," Nieves alisema. "Humu kuna mwanga."

Leocadia akaingia.