Sesilia Ataja Majina

Kijijini Mgwashi, milima ya Usambara, walimzoea Sesilia kama mwenzao: analima maharage, anaimba kwaya kigangoni, anagombana na majirani kwa Kishambaa kilichonyooka. Kwamba alizaliwa Rwanda, wengi walishasahau. Mwaka 1994 alivuka mpaka akiwa binti mdogo asiye na mtu, na mtawa mmoja wa Lushoto aliyekuwa akihudumia wakimbizi Ngara akamleta huku milimani, akamlea. Huku alisoma, huku akaolewa na Clemence.

Mwaka jana ng'ombe wa wafugaji waliohamia bondeni waliingia mashambani wakamaliza kabichi. Kijiji kikaitisha mkutano. Alen, mdogo wake Clemence, akasimama.

"Wale si watu, ni mende," alisema. "Dawa ya mende ni kusafisha nyumba."

Watu wakacheka. Hata Heri, mtoto wa Sesilia, ambaye shamba lake lilikuwa limeliwa lote, naye alicheka. Sesilia akanyoosha mkono.

"Hata sisi kule Rwanda tuliitwa mende," alisema. "Kwanza redioni, halafu sokoni, halafu shuleni, mpaka tukazoea. Jirani aliyembeba mama yangu kumpeleka kujifungua ndiye aliyekuja na panga. Hakutuuliza tumefanya nini. Tulikuwa tumezaliwa upande ule, basi. Mauaji ya kimbari ndiyo hayo: hata mtoto mchanga ambaye hajagusa cha mtu anakuwa adui. Kama ng'ombe wamekula, mshitakini mwenye ng'ombe."

"Shemeji, hayo ni ya kwenu," Alen alimjibu kwa upole. "Huku hatuna mambo hayo."

Heri alimfuata mama yake nyumbani. Wengine waliteremka bondeni mchana uleule. Walichoma vibanda, wakampiga mzee mmoja aliyeshindwa kukimbia. Hakuwa mfugaji, alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Alifia njiani kabla ya kufikishwa hospitali.

Sesilia na Heri walikwenda kuzika. Wafiwa hawakuwakaribisha wala kuwafukuza. Heri alipokea jembe, akachimba. Sesilia alikaa na wanawake ambao lugha yao haijui, akamlilia mzee wa watu, na kilio kikageuka kuwa cha mama yake, ambaye hakuna aliyemzika.

Polisi walipokuja, kijiji kizima hakikuona kitu.

"Mama Heri, yule ni damu yangu," Clemence alimsihi. "Sema ulikuwa shambani."

"Niliwaona wakipita na mapanga, baba Heri. Siwezi kusema sikuona."

Alitaja majina, la Alen likiwa la kwanza.

Alen yuko mahabusu akisubiri kesi. Wafugaji wamehama. Mama mkwe haitikii shikamoo ya Sesilia, na kigangoni anaachiwa benchi zima peke yake. Wapo wanaomwita mkimbizi, wala hawashushi sauti. Clemence bado anakula chakula anachopika, ila anakula akiwa amempa mgongo.