Kisra Iliyofunikwa Koboko

Nyinyi vijana mnaokuja kwetu na likizo zenu, kaeni chini msome. Mimi sikusoma sana, niliachishwa shule mapema. Lakini kuna siku moja ya kutembea, kununua na kula ambayo hata leo ikinijia kichwani naweka sufuria chini kwa kishindo. Atakayeona maneno yangu ni makali, aone hivyo hivyo.

Mjukuu wangu aliolewa Dar es Salaam. Ndoa ilifungwa huko, sisi tukaitazama kwenye simu. Baadaye akatuma habari kwamba anakuja na mumewe kupumzika, na kwamba usiku wa kwanza watalala hoteli Arua, mji mkubwa kabla ya kufika kwetu.

Sasa mjue jambo moja. Mama yake mtoto huyu, binti yangu, alifariki mtoto bado ananyonya. Mimi nilikuwa nauza samaki wakavu, siku zote niko barabarani. Aliyemlea ni dada yangu mkubwa. Dada ndiye anayeitwa mama, mimi naitwa haboba, yaani bibi, basi. Leo dada ana ugonjwa wa sukari, mikono yake inatetemeka, na daktari amemwambia asikae na njaa.

Na mjue jambo la pili. Nyumbani kwetu, sisi Wanubi wa Koboko, mkwe akija mara ya kwanza anafuatwa alipo na mwanamke mzima wa nyumba, na chakula chake cha kwanza siku ile ni cha nyumba ya mke. Chai ya asubuhi haihesabiwi. Na aliyempikia hatii kitu mdomoni mpaka mkwe ale. Mjukuu wangu amekulia ndani ya desturi hiyo. Ameona wakwe wangapi wakipokelewa pale uani?

Asubuhi ile, kabla gari walilokodi halijanifuata, nilimkuta dada ameshakaa mbele ya chuma cha moto, anatandaza kisra, ule mkate wetu mwembamba kama karatasi. Unga alikuwa ameukoroga mwenyewe na kuuacha mpaka ukachacha sawasawa.

"Waachie wasichana," nikamwambia.

"Wasichana ndio walimlea?"

"Na sukari yako je?"

"Sukari itangoja mkwe. Wewe nenda uniletee mutu yangu."

Nikaenda.

Arua nikawakuta wamevaa kofia za jua na miwani. Mkwe ni kijana mwenye adabu, alinishika mkono kwa mikono miwili. Nikasema, "Haya, twende, nyumbani chakula iko tayari." Mjukuu akacheka. "Haboba, leo ni siku yako! Tunakutembeza kwanza. Wewe hujawahi kupumzika maisha yako yote."

Nani alimwambia nataka kupumzika?

Tukaingia sokoni. Soko hilo ninalijua tangu lilipokuwa vibanda na matope, na sasa natembezwa ndani yake kama mtalii. Vitenge vya Kongo vikateremshwa vyote, akajifunga kimoja, akajifunga kingine, akapigwa picha. Mkwe akaonja asali kwa kidole. Mimi nikavuta mkono wa mjukuu. "Mama yako anangoja." "Saa hizi bado mapema, haboba." Jua limeshapanda utosini!

Halafu akanunua tabaga, kile kifuniko cha ukindu wa rangi tunachofunikia sinia ya mgeni. Nikafurahi, nikajua amekumbuka. Nikamuuliza, "Hiyo unampelekea mama?"

"Hapana, ya ukutani. Sebuleni kwetu itapendeza sana."

"Ukutani kuna chakula gani cha kufunika?"

Mwenye duka akacheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka.

Kumbe bado. Gari likapita Mvara, pembeni ya mji, likarudi mjini, likatuingiza kwenye hoteli yao. Meza imewekwa karibu na bwawa la kuogelea, miamvuli, muziki. Nilidhani wanachukua mizigo. Wakaketi. Kuku wa kuchoma akaja, chipsi zikaja, samaki mzima akaja na macho yake. Mkwe akaniwekea sahani, nikaisukuma.

"Bibi, huli?" akaniuliza. "Au hupendi? Sema kwa hicho Kiswahili chako kitamu."

"Kiswahili yangu hapana chakula, mwanangu."

Akadhani ni mzaha. Akamega samaki, akala. Nikamwangalia anavyotafuna. Simpigii kelele mgeni mbele ya watu, lakini mjukuu nilimkazia macho, naye akajifanya anatazama maji.

Hapo simu yangu ikaita. Ni dada.

"Mumefika wapi? Kisra inakauka."

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama inatoka chini ya blanketi. Nikampa mjukuu simu. "Mwambie wewe, kwa mdomo wako."

Akaichukua huku anafuta mafuta vidoleni. "Mama, sisi tunakula huku hotelini. Nyinyi kuleni tu, msitungoje!"

Kuleni tu. Dada akakata simu.

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. Muziki ukaendelea, lakini watu wote wakageuka.

"Amekuambia amekula?" nikamuuliza.

"Haboba..."

"Mutu ya sukari hajakula tangu jana usiku! Anangoja mume wako! Wewe uko hapa unakula samaki pembeni ya maji ya kuchezea!"

Mkwe akaacha tonge. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Akauliza, "Bibi, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nyumbani kwa mkeo kuna chakula? Nimesema hiyo asubuhi. Mwenye kukueleza desturi ni huyu."

Mjukuu akaanza, "Nilidhani mambo hayo yameshakwisha..." Nikamwambia anyamaze mpaka Koboko. Njia nzima mkwe alimhimiza dereva. Mimi nilipiga simu kwa dada, haikupokelewa. Nikapiga kwa wasichana wa nyumbani, wakasema amekataa chai, amekataa hata kipande cha ndizi, amewafukuza jikoni.

Tulipofika jua lilikuwa linashuka. Dada alikuwa kwenye mkeka uani, ameegemea ukuta, jasho linamtoka usoni na hakuna joto. Mbele yake sinia, na tabaga juu yake, ile ya mama yetu iliyofifia rangi. Mjukuu akapiga magoti.

"Mama, nisamehe."

"Mumeshiba?" dada akauliza. Hakumtazama. Akamtazama mkwe. "Karibu, baba. Hoteli inapika vizuri?"

 Mkwe alivua viatu, akaketi pale mkekani, jasho linamtoka yeye pia. Wasichana wakaja mbio na glasi ya maji ya sukari, dada akaisukuma kwa kiganja, mkwe bado hajala cha nyumbani. Kila mtu akanitazama mimi. Mjukuu akanong'ona kwamba mumewe ameshiba kabisa, ataumwa tumbo.

Nikafunua sinia mwenyewe. Nikasema, "Leteni maji. Huyu aliyeshiba anawe wa kwanza, na ale mpaka mama aseme basi."