Siku Niliyosema Mzee Kasimu Mzima

Aibu hii kwa kinywa changu sijamsimulia hata mke wangu, lakini nyinyi leo mmenibana na kahawa yenu, basi sikilizeni, ila msikimbilie kucheka, maana mwisho wake hauchekeshi.

Nilikuwa nimemaliza shule, roho yote iko kwenye chuo cha udaktari kule Kampala, na mganga mkuu wa hospitali (Mzungu mrefu, asiyejua kucheka) akaniambia haniandikii barua ya kuombea nafasi mpaka nifanye kazi pale miezi mitatu aone kama nafaa. Nichague mwenyewe: wadi na kaptula ya kaki, kumwaga vyombo vya wagonjwa na kuwahesabia mapigo ya mshipa, au dirisha la dawa na koti jeupe, kuwamiminia watu dawa kwenye chupa walizokuja nazo. Nikachagua koti. Mzee Mbwana, dresa mkongwe, mfunga vidonda wa wadi ya wanaume, akaniambia, "Mwanangu, udaktari uko huku kwenye uvundo." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee," na moyoni nikamcheka (kijana wa Chumbageni, msomi wa darasa la kumi na mbili, amwage mikojo!).

Wiki ya tatu akafariki bibi mmoja Mzigua huko Mabawa, jirani wa shangazi yangu, nami nikaenda kuzika nimevaa koti, eti natoka kazini moja kwa moja. Uongo mtupu, siku ile nilikuwa na mapumziko, na koti nilikuwa nimelipiga pasi nyumbani.

Sasa Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani msibani ana ruhusa zake. Mzee Kasimu, Mnyamwezi mkata mkonge, alijilaza njiani mbele ya jeneza, halipiti mpaka apewe chake. Akapewa, akainuka, hata wafiwa wakacheka. Hatua chache mbele akaanguka tena, na safari hii hakuinuka.

"Kasimu, tamaa itakuua!" watu wakapiga kelele. Mwingine akaniona. "Daktari, hebu mtazame mgonjwa wako!"

Jamani, ningesema sijui, yangeishia pale. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, nikapiga magoti, nikamshika mkono upande wa nje, pasipo na mshipa wowote, nikakunja uso kama nahesabu. Mzee alikuwa anakoroma, mdomo umekwenda upande, nami nikaona huo ndio ufundi wake wa kuigiza.

"Mzima huyu!" nikatangaza. "Mmwagieni maji, utani utamtoka!"

Wakamwagia ndoo nzima. Watu wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote, jeneza likazungushwa pembeni yake, tukaenda makaburini.

Tuliporudi, wanawake waliobaki msibani walikuwa wamemzunguka Mzee Kasimu, binti yake Tatu amempakata kichwa, nguo za mzee zimelowa chepechepe. Tukang'oa mlango, tukambeba juu yake hadi hospitali. Akafa kabla ya magharibi, kwenye wadi ile ile niliyoikataa.

Tatu akanitazama koti kwanza, kisha uso. "Si wewe uliyesema baba mzima?"

Nikavua koti mbele yake, na Mzee Mbwana akanivuta kitandani, akavishika vidole vyangu viwili akaviweka kwenye kifundo cha mkono wa marehemu, chini ya kidole gumba.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo ungeshika."

Nikamwuliza, huku nalia, kama mzee angepona.

"Pengine angekufa tu," akasema. "Lakini asingekufa akichekwa."

Mabawa nzima wakaniita Daktari Ndoo, na jina likafika mpaka Usagara. Barua ya mganga mkuu sikuiomba tena, sikuwa na uso wa kuiomba. Kesho yake nilivaa kaki, nikamwaga vyombo, na nimekuwa dresa hadi nywele zikaota mvi. Na mkiniita kwenye maziko nitakuja, ila mtani akilala njiani nitamshika mkono kwanza, hata jeneza lisubiri, hata mnicheke nyote.