Fisi Aliyetoa Shikamoo

Cheka tu, mgongo ni wangu. Kikundi chetu cha sanaa hapa Katesh kiliamua kuigiza hadithi ya Sungura na Fisi kwa mtindo mpya: ngoma tupu, bila maneno. Fisi ni mimi, na niliapa sitatamka neno hadi mwisho, liwalo na liwe.

Onyesho tulilipeleka Dirma, kwa baba mkwe wangu, anayeamini usanii ni uvivu. Nilitaka aone kazi. Bila kumwambia, nilijifunika ngozi za mbuzi, nikajibanza nyuma ya zizi lake. Ngoma ilipolia, nikatoka kwa miguu minne, nikichechemea. Mbuzi wakaruka uzio.

"Fisi! Fisi!" watu wakapiga kelele.

Nikajisemea, leo wamenielewa! Nikazidisha kucheka kifisi. Fimbo ikatua mgongoni. Nikajikaza, fisi hasemi. Ikatua ya pili. Nikainua macho: baba mkwe mwenyewe, ameinua ya tatu.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba," alijibu kwa mazoea, fimbo ingali juu. Kisha akainama, akanitazama vizuri. "Kumbe wale ng'ombe wa mahari niliwapokea kwa fisi?"