Bledi ya Mjomba na Kanga ya Biarusi

Wiki ya harusi ya dada yangu, mama alitangaza jambo moja na hakuna aliyethubutu kumbishia: mwanawe hatoki nyumbani kwake kwa bodaboda. Atatoka na gari, kama watu.

Shida ni kwamba njia yetu ya kutoka kijijini mpaka barabara kuu pale Bungu ilikuwa haipitiki na gari dogo. Malori ya korosho yameichimba mifereji miwili, katikati pamebaki tuta la mchanga limeota majani. Gari dogo likija, linalala tumbo hapo kama kobe. Halafu bwana harusi mwenyewe mtu wa Salale, huko kwenye mikoko. Gari lilitakiwa limfikishe dada bandarini Nyamisati maji yakiwa yamejaa, apande boti. Gari likinasa, maji yanakupwa, biarusi analala bandarini na masanduku yake.

Mjomba, kaka yake mama, ana trekta. Akasema njia atachonga yeye, kinachokosekana ni bledi tu, ule ubapa mrefu wa chuma unaofungwa nyuma ya trekta kukwangua barabara. Kibiti yupo fundi anaziuza zilizokwishatumika. Mi nikasema twende sasa hivi. Mjomba akasema kesho. Mjomba kila kitu kesho.

"Basi leo tupime trekta," nikamwambia. Maana bledi lazima ifunike nyayo za magurudumu ya nyuma na izidi kidogo. Ikiwa fupi, unachonga huku gurudumu linakuachia mfereji mwingine palepale.

"Kupima kwa nini? Tutachukua kubwa kabisa. Nani amewahi kujuta kwa kuchukua kubwa?"

"Aliyenunua viatu, mjomba."

Akacheka, akainuka. Futi alikuwa nayo seremala, na seremala kaenda shamba. Mi kusubiri siwezi. Nikachomoa kilichokuwa karibu: doti mpya ya kanga, bado haijakatwa, moja ya zile za kumtandikia dada. Kwetu biarusi akitoka hakanyagi mchanga. Wanawake wanamtandikia kanga kutoka mlangoni mpaka kwenye gari. Mjomba akashika pindo kwenye ukingo wa nje wa gurudumu la kushoto, mi nikavuta mpaka ukingo wa nje wa gurudumu la kulia, nikapiga fundo. Tayari. Kipimo hicho.

Kesho yake tuko uani kwa fundi, Kibiti. Bledi tatu zimelala chini ya mkorosho: ndogo, ya kati, kubwa. Nikaikunjua kanga yangu kwa mbwembwe zote. Fundo hakuna! Kanga imenyooka, imepigwa pasi, inanukia udi. Nikampigia mama.

"Mama, fundo liko wapi?"

"Nimelifungua. Fundo kwenye kanga ya biarusi? Mnataka kumfunga mwanangu asizae?"

"Kilikuwa kipimo cha trekta, mama!"

"Basi trekta lipime kwa shuka lako." Akakata simu.

Fundi akasema tusihangaike, trekta kama letu wote wanachukua ndogo. Mjomba hata hakumsikia. Alikuwa anaipapasa ile kubwa mgongoni kama mtu anayenunua ng'ombe. Mi nimesimama katikati, jasho linanitoka. Ijumaa tunachonga, Jumamosi harusi. Tukibeba isiyofaa, hakuna safari ya pili.

Ndipo nikaliona jina. Doti haijakatwa, kwa hiyo kanga zipo mbili kwenye kitambaa kimoja, na kila kanga ina jina lake: "Furaha ya jirani yangu ni yangu pia". Nilipokuwa napiga fundo, mkono wangu ulikuwa juu ya neno la kwanza la kanga ya pili. Furaha. Nililisoma kwa sauti, hata mjomba alilisikia.

"Kweli," akasema. "Ulisema Furaha, nikadhani umefurahi."

Tukaitandaza kanga juu ya bledi ya kwanza, ile ndogo, pindo likiwa kwenye ncha yake. Watu wakaanza kusogea. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mananasi ng'ambo akavuka kabisa.

"Jamani, leo Kibiti bledi inaolewa!"

"Mahari kapokea nani?" dereva mmoja akadakia.

"Fundi," mjomba akajibu. "Na ameshaila."

Bledi ndogo iliishia mbali, Furaha hata haijaikaribia. Fundi akashangaa. "Trekta gani hilo limetanua miguu hivyo?"

Mjomba akajikuna kichwa. Msimu uliopita alikuwa analima mpunga bondeni, akayavuta magurudumu nje ili trekta lisilale ubavu kwenye tope. Hajayarudisha mpaka leo.

"Mjomba, si ungesema?"

"Si hukuniuliza."

Ya kati ikaipita Furaha, ikafika kwenye "jirani". Nikamwomba fundi aiweke mshazari, maana ukichonga na bledi huifungi imenyooka, unailaza upande ili mchanga umwagike pembeni, na ikilala inapungua upana. Akaigeuza. Furaha bado imefunikwa. Nikapiga vigelegele peke yangu, yule mama wa mananasi akanipokea.

Lakini mjomba bado anaitazama kubwa. Fundi akamwambia kwenye mchanga wenu trekta hilo halitaivuta, magurudumu yatazunguka tu na kuchimba mashimo kuliko malori.

"Mjomba," nikasema, "ukinasa wewe na trekta lako njiani siku ya harusi, mama atakusema mpaka Idi."

"Pakieni ya kati," mjomba akasema.

Tukakodi kirikuu cha mizigo, tukaipakia. Nilipoiokota kanga nikaona grisi, imekaa juu ya Furaha kama muhuri.

Ijumaa baada ya swala mjomba akachonga. Tuta likakatika, mifereji ikajaa, nyuma ya trekta pakabaki uwanja, nyayo hata moja hakuna. Watoto wakaanza kucheza mpira katikati ya barabara, ikabidi wafukuzwe.

Ile kanga mama aliiona. Alinisema, akamsema mjomba, akamsema na fundi asiyemjua. Halafu akaitandika ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa gari. Dada akaja na buibui lake, macho chini kama alivyofundwa, akafika kwenye lile doa, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

Gari likaondoka, mi nikalikimbilia nyuma mpaka kwenye kona ambako zamani magari yote yalikuwa yanalala tumbo. Halikupunguza hata mwendo. Maji yalikuwa bado hayajajaa walipofika Nyamisati. Dada alipiga simu kusema ndiyo kwanza wanaisubiri boti, na kwamba ana njaa.