Wali wa Kunguru

Kunguru sijawahi kumpenda, na wala sioni haya kusema. Nilipokuwa napika kwa mzee mmoja wa Kihindu, Kinondoni, kunguru wa mtaa ule walinionea kupita kiasi. Sabuni yangu waliiba palepale karoni, na shuka nikizianika nyeupe, nazianua zina madoa. Nikatangaza vita. Kila asubuhi niliweka rundo la kokoto mlangoni, na mie mtoto wa Songea, shabaha ninayo. Ikafika mahali nikitokeza pua tu uani, wanahamia nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara. Nikajiona mshindi.

Mzee hakujua lolote. Asubuhi zake zote zilikuwa za hekaluni, hasa tangu mkewe afariki.

Mwaka ulipotimia, zikafika zile wiki mbili ambazo Wahindu huwalisha marehemu wao. Mzee akaniambia nipike wali wa maziwa na iliki, nipange na chapati na dengu juu ya jani la mgomba. Nikajua tuna wageni. Kumbe mgeni mwenyewe kunguru! Kwao, kunguru ndiye anayepokea chakula kwa niaba ya waliotangulia, na mwenye nyumba hali mpaka kwanza ale yeye. Nilicheka kimoyomoyo. Misa ya marehemu hata sisi tunasomesha, lakini kunguru?

Tukaweka jani juu ya ukuta wa uani, tukasimama kando, mzee na mie. Kunguru wakatuangalia kutoka kwenye nguzo yao, wakapiga kelele, hakuna aliyeshuka. Saa nne ikapita, saa sita, saa nane. Mzee akanywa maji, akaingia ndani bila kula. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu akaketi kwenye kizingiti cha jikoni, midomo imemkauka.

"Amekataa," akasema.

"Nani, mzee?"

"Mke wangu. Miaka yote ananiomba nimpeleke Tanga kwa dada yake. Namwambia mwezi ujao, sasa hivi duka lina wateja. Amekufa hajamwona."

Nikamwambia Mungu anasamehe. Akatikisa kichwa. Alivyofundishwa yeye toka utoto, ulilotenda unaondoka nalo, nalo ndilo linaloamua utazaliwa tena wapi, pazuri au pabaya. Kwa mkewe hakuwa na wasiwasi, mama yule alikuwa na roho safi. "Mie ndo sijui naenda wapi," akasema. "Na yeye hata wali wangu hautaki."

Hapo moyo ukaniuma, tena sana. Nikaenda mlangoni, nikachota kokoto, nikaja kumwonyesha.

"Mzee, nisamehe. Mama hajakukataa. Hao kunguru wananiogopa mie."

Akazitazama kokoto. "Unawapiga mawe?"

"Nawapiga."

"Kila siku?"

"Jumapili nakuwaga kanisani."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akicheka. Halafu akafuta macho, akaninyooshea kidole. "Hayo sasa ni yako, dada. Usije ukanibebesha mie."

Nikajifungia jikoni, nikawa nachungulia kwenye pazia. Haikupita robo saa, akashuka mmoja. Akazunguka jani, akageuza kichwa kuutazama mlango wangu, mshenzi yule, kisha akaudonoa wali. Wenzake wakafuata. Mzee akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na mie kule ndani nilikuwa nalia, wala sijui nalilia nini.

Nikampakulia, akala sahani mbili. Nilidhani mambo yameisha. Akanawa mikono, kisha akasema, "Yeye amekula. Bado deni langu mie, la kwa dada yake. Kesho nisindikize Mbezi Luis, nikapande basi la Tanga."

Nikamsindikiza. Mfukoni alikuwa na picha ya mkewe, na kila baada ya hatua mbili tatu anaishika kuona kama ipo. Akakaa huko wiki nzima bila hata kupiga simu, nikaanza kuogopa.

Aliporudi nilimpokea begi getini. "Shikamoo mzee. Vipi, shemeji kakusamehe?"

"Marahaba. Hajanisamehe," akasema. "Kaniambia wazi, hatanisamehe mpaka anakufa. Ila kanipikia siku saba, mchana na jioni, vyakula alivyokuwa anapenda mke wangu. Nakula huku nalia, na yeye ananiongezea."