Majina Yaliyokataliwa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi, mahindi yakianza kukauka mashambani. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha Majengo, mjini, mbele ya kompyuta, nikimkatalia mdogo wangu jambo dogo. Kila baridi ikirudi, hulikumbuka.

Wewe unayejifunza kuandika programu leo una walimu. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, wazazi wetu walipofuatana kaburini, nikabaki na wadogo watatu. Nyumba niliisimamisha kwa sheria: saa kumi na mbili jioni wote ndani, daftari kwanza ndipo mchezo, na mwongo hapati mtetezi. Sheria zilituvusha, nami nikaziamini kupita kiasi. Nilipojifunza programu, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuwachapia watu barua, kanuni za kazi ile nilizishika kama Amri Kumi.

Anselmi, anayenifuata, nilimfundisha mwenyewe. Tukapata kazi ya zahanati moja ya kijijini, upande wa Namtumbo. Yeye aliandika sehemu ya kule, ambapo muuguzi huingiza jina la mama mjamzito na tarehe yake ya kurudi kliniki. Mimi niliandika sehemu ya mjini, inayopokea majina hayo na kutoa orodha ya kina mama wa kufuatwa nyumbani wasipofika. Kompyuta ya zahanati ilikuwa kuukuu. Zana pekee ya programu iliyokubali kufanya kazi humo iliandika tarehe kwa desturi yake ya zamani: siku mbele, mwaka nyuma, tena mwaka wenyewe tarakimu mbili tu. Kanuni ilitaka mwaka utangulie, tena kamili. Programu yangu haikupokea vinginevyo. Kilichokosewa ilikiweka kwenye faili la pembeni.

"Dada, nipe mistari kumi tu," Anselmi aliniambia. "Programu yako iipokee tarehe ya kule, iigeuze yenyewe."

"Nikiipokea hiyo, kesho utaniletea nini? Tarehe ya kuandikwa kwa mkaa?"

"Ile zana haibadiliki, dada. Imeshazeeka."

"Basi wauguzi waigeuze kwa mkono. Kanuni ni kanuni."

Alicheka kidogo. "Wewe hata ugali ungeupigia rula." Hakuendelea. Nilikuwa nimemlea, hakuzoea kunibishia.

Nisikufiche, hoja yangu haikuwa ya kipumbavu. Programu inayomeza kila kitu mwisho haijui inakula nini. Lakini niliipenda kanuni kuliko watu ambao iliwekwa kwa ajili yao.

Skolastika, binti wa kijiji kile, alikuwa na mimba ya kwanza, na presha. Siku aliyoandikishwa, kliniki ilijaa, muuguzi akasahau kuigeuza tarehe. Jina likaja mjini, programu yangu ikalikataa. Siku yake ya kurudi ikapita yeye akivuna, akidhani kichwa kinamuuma kwa uchovu. Kwenye orodha hakuwemo, kwa hiyo hakuna aliyetumwa kumfuata. Walipomleta, kifafa cha mimba kilikuwa kimeshamshika. Walizikwa pamoja, yeye na mtoto.

Wiki ile mkunga wa zahanati, Mama Tasila, alikuja mpaka Majengo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kiti akakikataa.

"Nionyeshe lilipokuwa jina lake."

Nikalifungua lile faili. Yalikuwamo majina kumi na moja. Aliyasoma yote kwa sauti, taratibu.

"Wewe umelea," akasema. "Mtoto asiyejua kutamka alipokuomba maji, ulimnyima mpaka atamke vizuri?"

"Hapana, mama. Nilimpa."

"Ukamfundisha lini?"

"Baadaye. Akishakunywa."

"Mkubwa jalala, binti yangu. Haya, hawa kumi waliobaki nipe niwafuate."

Akawanakili kwenye daftari, akaondoka.

Anselmi aliandika ile mistari kumi siku hiyohiyo, bila kunitazama. Kisha akaiacha kazi hii. Sasa analima tumbaku; tukipigiana simu tunaulizana habari za mvua.

Mwanangu, sikwambii utupe kanuni. Unachokitoa wewe, kitoe kimenyooka kama kanuni inavyotaka, ili anayekipokea asihangaike. Lakini kinachokujia kutoka kwa zana nyingine, iwe kuukuu au ngeni, kipokee kwanza, ndipo ukinyooshe. Usichokielewa usikibahatishie, wala usikifiche pembeni; kiweke mbele ya macho ya mtu, siku ileile. Na mdogo wako akikuomba mistari kumi, jiulize ni nani ataumia ukimnyima. Mimi sikujiuliza. Majuto ni mjukuu, na wangu nimempakata miaka mingi.

Mungu akupe akili ya kuijua kanuni, na moyo wa kumjua mtu aliye nyuma yake. Akulinde na ukaidi unaojiita uaminifu. Na jina la mtu lisipotelee mikononi mwako.